Anti Mkutubi anajibu: "Nimefungua tabo mia na sijaandika hata mstari"

Barua za mwezi huu nyingi ni kilio kimoja tu, watu wanatafuta hawapati, au wanapata mpaka wanazama. Nimechukua tano. Wale mnaoniuliza kama naweza kukuandikieni sura ya pili ya utafiti, ile ya mapitio, kwa malipo sijawajibu na msisubiri.

Shikamoo Anti. Niko mwaka wa pili masters, nafanya kazi kuhusu wakulima wa nyanya na mabadiliko ya tabianchi. Mwezi wa tatu mada ilipopita nilikuwa na moto kweli, nikasema mwezi mmoja sura ya mapitio nimeimaliza. Leo nina PDF mia mbili na kitu kwenye flashi, kwenye simu tabo zimepita mia mpaka ile namba imegeuka kakatuni ka kucheka, na kila nikisoma makala mpya naona ya jana haikuwa na maana. Supavaiza kaniambia "soma zaidi". Nimesoma zaidi nimezidi kupotea. Wenzangu naona wanasonga. Nina shida ya kichwa au nilikosea mada? – Mchovu, Morogoro

Marahaba Mchovu. Kichwa chako kizima kabisa, uko hatua ya tatu tu.

Ngoja nikuelezee hizo hatua zimetoka wapi. Kuna mama anaitwa Carol Kuhlthau, Mmarekani, alikuwa mkutubi wa shule kabla hajawa profesa pale chuo kikuu cha Rutgers, New Jersey. Miaka ya 1980 akaanza kufuatilia wanafunzi wa sekondari waliopewa kazi ya kuandika, na jambo alilofanya tofauti na wenzake ni kwamba hakuishia kuwauliza mmepata vitabu vingapi, aliwauliza pia mnajisikiaje. Wakawa wanaandika kwenye daftari siku kwa siku, leo nina wasiwasi, leo nimefurahi, leo natamani kuacha shule. Makala yake kubwa ikatoka 1991 na humo utafutaji wa mtu kauweka kwenye hatua sita. Unapewa kazi, una wasiwasi. Unachagua mada, unapata raha, ndo ule moto wako wa mwezi wa tatu. Unaanza kuchimba huku na kule, hiyo ndo ya tatu, na hapo furaha yote inakufa, unachanganyikiwa, unajiona mjinga, kila makala inapingana na nyingine. Ya nne unapata pa kusimamia. Ya tano unakusanya, ya sita unaandika.

Kabla ya huyu mama watu wengi tulidhani mtu akisoma zaidi anaelewa zaidi basi, mstari unapanda tu kama bei ya sukari. Kumbe katikati kuna shimo na karibu kila mtu anapita humo, tatizo hakuna anayekuambia, kwa hiyo kila mmoja yuko shimoni kwake peke yake anadhani wenzake wako juu wanacheka. Hao wenzako unaowaona wanasonga, siku moja waulize vizuri mkiwa wawili tu.

Sasa supavaiza wako. Simjui na sitaki ugomvi naye, ila "soma zaidi" ni dawa ya hatua ya tano kampa mgonjwa wa hatua ya tatu. Wewe hujapungukiwa makala, unazo mia mbili! Umepungukiwa pa kusimama. "Wakulima wa nyanya na mabadiliko ya tabianchi" hilo sio swali, hilo ni gunia, kila kitu kinaingia humo, mbegu, dawa, mvua, masoko, jinsia, mikopo, na ndo maana huwezi kukataa makala hata moja.

Fanya hivi. Zima data siku moja nzima, usifungue PDF yoyote, chukua karatasi na ujaribu kumwandikia mtu asiyesoma kozi yako, tuseme mjomba wako, unataka kujua nini hasa. Utaandika ovyo mara tatu nne, ni sawa. Mpaka itoke kitu kama "wakulima wa nyanya wa Mgeta wanapata wapi habari za mvua, na zikigongana wanaamini ipi?" Ukishafika hapo rudi kwenye flashi yako, fungua kila PDF kwa dakika mbili, soma ikisiri tu, ule muhtasari wa mwanzo, yenye kugusa hilo swali inabaki, isiyogusa peleka kwenye folda nyingine uipe jina lolote, usifute kama roho inauma. Nakuhakikishia hazibaki mia mbili.

Na swali likibadilika tena mwezi ujao usishtuke. Marcia Bates wa UCLA, chuo kikuu kule Los Angeles, aliliandika hili mwaka 1989, akasema mtu hatafuti kama mashine, yaani aulize mara moja ajibiwe mara moja akae, bali anatafuta kama mtu anayechuma matunda porini, kidogo kwenye kichaka hiki, kidogo kile, na njiani hata tunda alilotoka nyumbani akilitamani linabadilika. Sisi tuliookota furu utotoni tunaelewa hii bila makala. Unatoka umesema unakwenda kuokota furu, unarudi na ukwaju na mguu una mwiba.

Halafu acha kuandika maneno yaleyale kwenye boksi la Google kila siku ukitegemea kitu kipya. Chukua makala tatu zile bora kabisa, angalia wao wamesoma nini kule mwisho, kisha angalia nani amewanukuu baadaye, kwenye Google Scholar kuna sehemu ya kubonyeza inayokuonyesha walioinukuu. Hii kazi zamani ilikuwa mateso, hadi Eugene Garfield alipoanza kutoa faharasa ya manukuu ya sayansi, yaani orodha ya nani kamnukuu nani, mwaka 1964, mavitabu makubwa ya maandishi ya sisimizi, wazee wetu wa ukutubi wanayakumbuka kwa maumivu ya macho. Leo ni kubonyeza tu na bado watu hawabonyezi. Ukishaanza kuona majina yaleyale yanajirudia kila makala unayofungua, kama wageni wa kila harusi, umefika, funga duka uandike.

La mwisho kwako, zile makala zinazokudai dola thelathini usilipe. Nenda maktaba ya chuo uliza habari za AGORA, ni mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2003, uko ndani ya Research4Life, ile mipango ya kuzipa nchi zenye kipato kidogo makala bure au kwa bei nafuu, umetengenezwa kwa ajili ya kilimo na kwa ajili ya nchi kama yetu. Na AJOL, wale wa majarida ya Afrika, usiwapite, kuna watu wamefanya utafiti kilomita arobaini kutoka unapokaa na wewe unasoma ya Kansas.

Anti mambo. Niliiomba ChatGPT inipe marejeo kumi kuhusu matumizi ya maktaba Tanzania, ikanipa fasta, majina ya waandishi, mwaka, jarida, hadi kurasa. Nimeyatafuta napata mawili tu. Mengine yako wapi, ni ya kulipia? – Juma asiyetaka jina lake lote

Poa Juma. Hayapo popote mdogo wangu. Sio ya kulipia, hayajawahi kuandikwa.

Hilo dude kazi yake ni kutabiri neno gani linafuata neno gani. Limesoma marejeo mengi mno kwa hiyo linajua marejeo yanafananaje, jina la Kiafrika hapa, mwaka pale, jina la jarida, kurasa 45 hadi 58, linakutungia kitu chenye sura hiyo na linakipa kwa kujiamini kama dalali wa viwanja. Na wanaoingia mkenge sio wanafunzi tu. Mwaka 2023 kule New York mawakili walipeleka mahakamani kesi za kutungwa na hiyohiyo ChatGPT, ilikuwa shauri la abiria mmoja na shirika la ndege la Avianca, jaji akatafuta hizo kesi hakuziona, wakapigwa faini ya dola 5,000 wao na kampuni yao. Watu wazima wenye leseni.

Siku hizi kuna matoleo yanayoingia mtandaoni yenyewe kutafuta, yana nafuu, ila sheria yangu ni ileile, rejeo ambalo hujalifungua kwa macho yako haliingii kwenye kazi yako. Chukua kichwa chote cha makala, kiweke ndani ya alama za kunukuu, tafuta. Kama hakuna, ingia kwenye jarida lenyewe, fungua toleo la mwaka huo, angalia kurasa hizo kuna nani. Mara nyingi utakuta mtu mwingine kabisa anazungumzia samaki.

Habari Anti. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mombasa. Nikitafuta "shairi" kwenye katalogi ya maktaba kwa kompyuta napata vitabu vichache, nikiandika "mashairi" napata vingine tofauti kabisa, "utenzi" na "tenzi" vivyo hivyo. Kuna kijana wa maktaba akanifundisha niweke kinyota mwisho wa neno, bado hola. Hii mashine inatuchukia Waswahili? – Mwalimu wa Nyali

Mwalimu, swali lako limenifurahisha kuliko yote, na jibu karibu liwe ndiyo.

Hizi mashine walizitengeneza watu ambao lugha yao inabadilika mkiani. Kiingereza ukitaka wingi unaongeza herufi mwisho, ukitaka wakati uliopita unaongeza mwisho. Kwa hiyo wakabuni vifaa vya kukata mkia. Maarufu kuliko vyote ni cha Martin Porter wa Cambridge, 1980, unakipa connected, connecting, connection, kinakata, vyote vinabaki connect, msomaji akiandika kimoja anapata vyote. Kinyota cha yule kijana ni mbinu hiyohiyo ya kizamani zaidi, unaandika mwanzo wa neno, mwisho unauachia mashine.

Sasa leta Kiswahili. Sisi neno letu linabadilika kichwani! Shairi, mashairi. Utenzi, tenzi, na ukija kwenu huko utendi, tendi. Mwalimu, walimu, ualimu. Mkulima, wakulima, kilimo. Jino na meno hata hayafanani. Ukiweka kinyota mwisho wa "mwalimu" unabaki na mwalimu wako mmoja, walimu wote wako kwingine. Tungehitaji kinyota mbele, na katalogi nyingi hazikubali kinyota mbele, kwa sababu mashine imepanga maneno kwa herufi za kwanza kama kamusi na ukiificha herufi ya kwanza haijui ianzie wapi. Vitenzi ndo usiseme, anasoma, tulisoma, hawajasoma, wamesomeshana, mzizi umejificha katikati kama mbegu ya embe.

Nilishakaa semina moja mtaalamu anatueleza kwa madaha jinsi mfumo mpya "unavyoelewa lugha", nikanyoosha mkono nikamwomba aandike kitabu na vitabu. Tukanywa chai mapema siku hiyo.

Basi mpaka vijana wetu wa kompyuta watutengenezee kitu cha maana, na wapo wanaohangaika nalo, wewe fanya kwa mkono. Andika umoja na wingi vyote, katikati weka OR, yaani "au", kwa herufi kubwa, shairi OR mashairi OR utenzi OR tenzi OR utendi OR tendi. Halafu kuna siri ambayo wasomaji hatuwaambii, sijui kwa nini, pengine tumezoea sana mpaka tumesahau. Kitabu kinaweza kuwa cha Kiswahili mwanzo mwisho lakini somo lake kwenye katalogi limeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu maktaba nyingi zinatumia orodha ya masomo ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa hiyo kwenye sehemu ya somo andika Swahili poetry, uone vitabu vilivyokuwa vimejificha vinavyotoka. Inauma kumtafuta mshairi wa Lamu kwa Kiingereza, najua, lakini ndo mlango uliopo.

Au achana na kompyuta. Kama maktaba yenu inapanga vitabu kwa namba za Dewey, nenda kwenye shelfu 896.392, hiyo ni fasihi ya Kiswahili, na lugha yenyewe iko 496.392. Simama hapo pitisha kidole. Nusu ya vitabu nilivyovipenda maishani nilivikuta nikitafuta cha jirani yake.

Shikamoo Anti, nasoma stashahada ya ukutubi. Nilipeleka prapozo ya kuchunguza mama lishe wanavyopata habari wanazohitaji kwenye biashara, mwalimu mmoja kwenye paneli akacheka akasema mama lishe hana hitaji la habari, nitafute mada ya kimaktaba. Nibadilishe? Na kama sibadilishi nitumie nadharia gani? – Binti wa Temeke

Marahaba mwanangu. Usibadilishe.

Huyo aliyecheka ananunua wali wa nani mchana? Mama lishe anajua bei ya mchele imepanda kabla ya gazeti, anajua mgambo wanapita siku gani, anajua nani analipa mwisho wa mwezi na nani anakimbia, anajua kikundi gani cha kukopeshana kinakaribia kuvunjika. Kama hiyo sio habari basi mimi sijui nimefanya kazi gani miaka yote hii.

Na sio ubunifu wako peke yako, hii ni njia iliyokanyagwa. Msome Elfreda Chatman, mtafiti Mmarekani wa ukutubi. Huyu mama aliwaacha maprofesa na wanasayansi ambao ndo kila mtu alikuwa anawachunguza, akaenda kukaa na wafagiaji wa chuo, wanawake wastaafu, na wanawake wafungwa. Alichokikuta ndicho kitakachokufaa, kwamba watu kwenye dunia yao ndogo wana sheria zao za nani anaambiwa nini, na wakati mwingine mtu ana shida na habari iko jirani lakini hataiuliza, kwa sababu kuuliza ni kujianika. Makala yake ya 1996 ina mambo manne, usiri, kudanganya, kupima hatari, na habari kuwa na maana kwenye hali uliyonayo. Sasa yachukue hayo uende nayo Temeke. Mama lishe aliyepata mkaa wa bei nafuu atamwambia wa meza ya jirani? Atakayekataliwa mkopo atasema amekataliwa, au atasema "sijaomba"? Unaona eh, hapo tayari una sura nzima.

Ongeza na Reijo Savolainen wa Ufini, yeye mwaka 1995 aliandika kuhusu utafutaji habari wa maisha ya kila siku, akalinganisha walimu na wafanyakazi wa viwandani. Mwalimu wako wa paneli akisikia jina la Kifini atatulia.

Ila nakuonya kitu kimoja maana nimesoma prapozo nyingi za hivi. Usiende na dodoso la "unatumia vyanzo gani vya habari: a) redio b) televisheni c) intaneti d) maktaba". Utapata majibu ya adabu, watakuambia redio kwa sababu wanaona ndo unachotaka, na mmoja atasema maktaba kwa kukuonea huruma. Uliza tukio. "Mara ya mwisho mafuta ya kula yalipopanda, ulijuaje? Nani alikuambia? Ulifanya nini kwanza? Kuna mtu ungeweza kumuuliza ukaona bora usimuulize?" Hiyo ya kuuliza tukio halisi ina baba yake, John Flanagan, 1954, alianzia kwa marubani wa jeshi, na Brenda Dervin, mtafiti wa mawasiliano, naye ana namna yake ya kumrudisha mtu hatua kwa hatua mpaka pale aliponasa. Wataje wote wawili kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Na nenda saa tisa alasiri vyombo vikishaoshwa, ukienda saa saba utamwagiwa mchuzi na itakuwa haki yako.

Anti mimi ni fesyia. Maktaba ya chuo ni kubwa mno, niliingia wiki ya kwanza nikazunguka kama mtu anayetafuta choo, nikaona aibu kuuliza pale mezani, nikatoka. Sijarudi tangu siku hiyo, natumia simu tu. Naomba usinicheke. – Mgeni wa Jiji

Sikucheki, mimi mwenyewe nilizunguka hivyohivyo.

Na tuko wengi. Constance Mellon aliwachunguza wanafunzi wa chuo 6,000 kusini mwa Marekani kwa miaka miwili, wakaandika tu wanavyojisikia wakiingia maktaba, akatoa matokeo 1986, na kati ya asilimia 75 na 85 walitumia maneno ya woga. Waliogopa ukubwa wa jengo, hawajui vitu viko wapi, hawajui waanzie wapi. Na kila mmoja aliamini wenzake wote wanajua isipokuwa yeye, kwa hiyo akiuliza ataumbuka. Yaani Mellon alipaswa tu kuwakutanisha kwenye varanda wakapeana mikono.

Upande wa pili wa meza nikuambie siri. Mkutubi aliyesoma hategemei uje na swali zuri. Robert Taylor, mtaalamu wa ukutubi, aliandika tangu 1968 kwamba mtu anachokisema mezani ni hatua ya nne ya shida yake, kwanza anaihisi tu, kisha anaijua kichwani, kisha anaipa maneno, halafu anaipunguza ili ifanane na anachodhani maktaba inacho. Ndo maana mtu anakuja anauliza "vitabu vya sheria viko wapi" kumbe baba mwenye nyumba anataka kumtoa. Kazi yetu ni kurudi nyuma na wewe taratibu hadi kwenye ile shida ya kwanza. Wapo wanaojibu "ghorofa ya pili" bila kuinua macho kwenye simu, hao nawajua na mimi wananiudhi, ukimpata wa hivyo ondoka msubiri anayefuata.

Nenda asubuhi, kabla ya saa nne watu hawajajaa. Usiseme nataka kitabu cha nini. Sema "nimepewa kazi hii, sijui nianzie wapi", na umpe karatasi yenyewe ya swali aisome.